Babu wa kwenye picha: kumsaka mchimba makaa wa Hazleton

Sebuleni kwa mama mkwe wangu, hapa Pennsylvania, kuna picha ya mzee mwenye masharubu yamepindwa juu kama pembe za mbuzi, kasimama ubavuni mwa gari la Ford na mkono kauweka juu ya boneti kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Siku ya kwanza nilipopelekwa ukweni nikaambiwa huyo ndo babu yake mama, alitoka Austria, alikuwa mchimba makaa ya mawe, na alipigwa risasi na askari wa sherifu (mkuu wa usalama wa kaunti) pale Lattimer mwaka 1897. Mi mtoto wa Tanga, Lattimer siijui, nikatikisa kichwa kwa heshima nikaendelea na chai yangu. Miaka sita baadae mama mkwe akaniambia, mwanangu wewe si ndo unakesha na kompyuta, hebu nitafutie kijiji alichotoka babu, nataka nikione kabla sijafa. Hapo ndo nikaingia kwenye hiki kisa, na nakiandika chote hapa maana nimeulizwa sana jinsi tulivyofanya, na pia kwa sababu nusu ya muda nilipotea kwa ujinga wangu mwenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa mbele ya macho ya ukoo mzima. Baba yake mama mkwe, jiwe la kaburi lake linasema kazaliwa 1906. Babu kafa 1897. Sasa jamani, hiyo mimba ilikaa miaka tisa? Hesabu hiyo hakuna aliyewahi kuipiga, na siwalaumu, maana huyo baba alifariki mama mkwe akiwa na miaka minne, waliojua wakafa nae, hadithi ikabaki inatembea yenyewe bila wa kuiuliza. Na mi nilikuwa naitazama ile picha kila Krismasi, gari lipo pale, na sikushtuka. Tutalirudia hilo gari.

Lattimer ni kweli ilitokea, tena vibaya sana. Tarehe 10 Septemba 1897 wachimbaji kama 400 walitoka Harwood, nje ya mji wa Hazleton, wakatembea kwenda mgodi wa Lattimer kuwaomba wenzao wagome. Wengi walikuwa Waslovakia, Wapolandi na Walithuania, hawana silaha, mbele wamebeba bendera ya Marekani. Sherifu James Martin na watu wake wakawafyatulia, wakafa 19, na wengi wao walipigwa mgongoni, yaani wanakimbia. Mwaka uliofuata mahakama ikawaachia huru wote. Na ujue mwaka huohuo wa mauaji, 1897, serikali ya Pennsylvania ilikuwa imepitisha kodi ya senti 3 kwa siku kwa kila mfanyakazi asiye raia, kwa hiyo watu walikuwa wameshachoka tayari. Majina ya waliokufa yanajulikana na yameandikwa kwenye mnara, babu hayumo. Inawezekana alikuwa kwenye maandamano, inawezekana alikuwa kalala baada ya shifti. Nadhani familia ilikuwa inaenda kwenye kumbukumbu kila Septemba, na mtoto anaeona bibi analia kila mwaka mahali palepale atamalizia hadithi mwenyewe.

Basi nikaanza na kilichopo, cheti cha kuzaliwa cha yule baba. Pennsylvania ilianza vyeti vya jimbo vya kuzaliwa na kufa mwaka 1906, na vya kuzaliwa vinafunguliwa kwa umma baada ya miaka 105, kwa hiyo cha kwake kilishakuwa wazi. Baba: John Kovach, kazi mchimbaji, kazaliwa Hungary. Mama: Anna. (Jina la ukoo nimelibadilisha, lakini nimechagua la aina ileile, Kováč kwa Kislovakia ni mfua chuma, yaani wamejaa kama akina Juma.) Umeona lakini? Familia inasema Austria, cheti kinasema Hungary.

Hili la nchi lilinichosha mpaka nilipokaa nikazipanga karatasi zote mezani. Sensa ya 1900 kaandikiwa Hungary. Sensa ya 1910, Austria-Hungary, na lugha ya mama ni Kislovakia. Cheti cha kifo, Austria. Halafu watoto wake kwenye sensa ya 1920 wanaulizwa baba yenu kazaliwa wapi, imeandikwa Czechoslovakia. Mtu mmoja, kijiji kimoja, na leo ukienda utagongewa muhuri wa Slovakia kwenye pasipoti. Mi bibi yangu alizaliwa Tanga ya Mjerumani, akaolewa kwenye Tanganyika ya Mwingereza, akafia Tanzania, na hakuhama hata mtaa, kwa hiyo hili nililielewa haraka kuliko shemeji zangu waliokuwa wanabishana mezani babu ni Mu-Austria au Muhungaria. Alikuwa Mslovakia ndani ya ufalme wa Hungary uliokuwa chini ya mfalme wa Austria. Karani kauliza, kajibiwa, kaandika alichosikia.

Kwenye sensa ya 1900 ndo nilipompata akiwa hai, miaka mitatu baada ya "kuuawa". Hii ni sensa tamu kuliko zote kwa mtu anaetafuta wahamiaji, maana inauliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka aliofika Marekani, na kama kachukua uraia. Ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington wa mwaka 1921, usipoteze muda kuitafuta. John kazaliwa 1872, kafika 1894, sio raia, kibarua mgodini. Anaishi na Anna, watoto wawili, na wapangaji watano, wote wanaume, wote "Hungary", wote mgodini, kwenye nyumba ambayo ukiitembelea mitaa ile leo utaona haizidi vyumba vinne. Anna ndo alikuwa anawapikia, anawafulia na kuwachemshia maji ya kuoga kila jioni, wanaume sita weusi kwa vumbi la makaa. Kwenye safu ya kazi karani kamwachia Anna patupu, hana kazi.

Sasa nilipopotea. Kulikuwa na akina John Kovach wawili. Wote wa 1872 au 1873, wote eneo la Hazleton, mmoja mke wake Anna, mwingine mke wake Anna pia. Usicheke. Na mtandaoni kuna mti wa ukoo umeshatengenezwa na mtu, umenakiliwa na watu wengine kibao, na mi nikaunakili vilevile kwa furaha, mpaka usiku mmoja nikaona kwamba kwenye huo mti Anna kajifungua Hazleton mwezi wa pili na akajifungua tena kaunti ya Fayette mwezi wa tano mwaka huohuo, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Walikuwa wamewaunganisha watu wawili. Yule mwingine alihamia magharibi ya jimbo kwenye migodi ya makaa laini, huyu wetu akabaki huku kwenye makaa magumu, anthrasaiti. Miezi miwili ya kazi nikaifuta kwa kidole kimoja, nikaenda kulala na hasira.

Asubuhi yake nikaamua kitu ambacho ndo kilifungua kila mlango: nikaacha kumtafuta babu. Jina kama Kovach ni bure tu, tena linabadilika kila ukurasa, kanisani Kilatini ni Joannes, kwa karani wa Kihungaria ni Kovács János, kwa Mjerumani wa bandarini ni Johann, huku ni John, na ukoo unaandikwa Kovach, Kovatch, Kowatch, na mtoto wake mmoja baadae kajiita Smith kabisa, katafsiri. Nikamchukua mpangaji mmoja kati ya wale watano, aliyekuwa na jina la ukoo la ajabu ajabu, refu, konsonanti zimejipanga kama foleni ya daladala, jina ambalo hawezi kuwa nalo kila mtu. Nikaanza kumfuata huyo. Nitamwita Mpangaji.

Mpangaji alikuwa kila mahali. Leseni za ndoa kwenye kaunti za Pennsylvania zilianza 1885, ile ya John na Anna ni ya 1896, ila yenyewe inasema "Hungary" tu, haina msaada. Ndoa ileile kwenye daftari la kanisa ni kitu kingine kabisa. Wachimbaji wa Kislovakia walijenga parokia zao na kuleta mapadri wa kwao, na padri anaetoka mkoa mmoja na wewe hawezi kukuandikia "Hungary", anakuuliza wewe wa wapi hasa, na anajua kukiandika kijiji chako. Ofisi ya parokia iliyorithi madaftari walinizungusha karibu mwaka, simu hazijibiwi, nikatuma barua, nikatuma hela kidogo za mchango, mwishowe mama mmoja wa kujitolea kanitumia picha ya simu, haijanyooka, kidole chake kinaonekana pembeni. Bwana harusi kutoka Lipany. Shahidi wa kwanza: Mpangaji.

Nikafurahi kama nimeokota pochi. Halafu nikakwama tena.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaipata orodha ya abiria, na kule kijiji kilikuwa kingine. Nilichofanya ni hivi: sensa ilisema 1894, sheria ya Marekani ya 1893 ilizilazimisha meli kuandika mambo mengi zaidi kwenye orodha, ikiwemo kama abiria anamfuata ndugu na ndugu huyo ni nani na anaishi wapi, kwa hiyo nikafungua akina John na János na Johann Kovach wote walioingia New York mwaka ule, mmojammoja, nikawa naruka jina lenyewe nasoma safu za mwisho tu. Wa kumi na saba anaenda Hazleton, kwa binamu, na binamu ni Mpangaji, jina limekatwakatwa lakini ni lilelile. Na hapa niseme, ile hadithi ya kwamba makarani wa Ellis Island, kisiwa cha kupokelea wahamiaji pale New York, ndo walikuwa wanawabadilishia watu majina, achana nayo. Orodha iliandikwa na watu wa meli kabla ya safari, pale kisiwani walikuwa wanaita na kutiki. Majina yalibadilika baadae, kwa mwajiri, shuleni kwa watoto, au mtu mwenyewe kaamua. Pia watu watakwambia rekodi ziliungua Ellis Island 1897. Moto ulikuwepo kweli na madaftari mengi ya uhamiaji yalienda, ila orodha za meli za miaka hiyo zilikuwa zimewekwa na watu wa forodha, zipo.

Meli ilitoka Hamburg, na hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu orodha za Hamburg za kuanzia 1850 zimehifadhiwa, wakati za Bremen za miaka ile walizitupa wenyewe kwa kukosa nafasi. Orodha ya Hamburg inataja mahali mtu anapotoka. Mwandiko wa Kijerumani wa zamani, kama kuku kapita na matope, nikausoma "Hetas". Hetas haipo duniani. Nikatafuta Hetas wiki tatu, nikaanza kuamini kwamba nimeshika John mwingine tena, wa tatu sasa.

Jibu nililipata kwenye kamusi ya majina ya vijiji vya Hungary ya zamani. Enzi zile kila mji kule ulikuwa na jina la Kislovakia na la Kihungaria, na mara nyingi la Kijerumani juu. Prešov ni Eperjes, Bardejov ni Bártfa, Košice ni Kassa. Na Lipany, mji mdogo wa jimbo la zamani la Šariš, kwa Kihungaria ni Héthárs. Hét ni saba, hárs ni mti fulani wa kivuli wa Ulaya, na mti huohuo kwa Kislovakia unaitwa lipa. Mjerumani nae aliuita Siebenlinden, ileile miti saba. Padri aliandika jina alilolizoea, karani wa bandarini akaandika la kwenye karatasi za serikali ya Hungary. Nilisimama jikoni saa nane usiku nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akaamka kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo ubatizo haukuchukua hata siku mbili. Usajili wa kiserikali Hungary ulianza Oktoba 1895, kabla ya hapo ni madaftari ya kanisa, na mengi ya Slovakia yameskaniwa yapo bure mtandaoni. Mwaka 1872, Joannes, Kilatini safi, baba, mama, namba ya nyumba. Mama wa ubatizo ana jina la ukoo la Mpangaji. Nikafungua kurasa mbele mpaka 1874, Mpangaji mwenyewe huyo hapo kabatizwa, na huyo mama wa ubatizo ndo mama yake mzazi. Kwa hiyo "binamu" wa kwenye meli nadhani ilikuwa binamu wa mdomo, kama sisi tunavyosema kaka huyu, kumbe jirani.

Kifo sasa. Nilijua alikuwepo kwenye sensa ya 1910, na humo Anna kaulizwa kazaa watoto wangapi na wangapi wapo hai: wanane, watano. Kwenye ya 1920 hayupo. Jimbo la Pennsylvania lina madaftari ya ajali za migodini kuanzia 1899, yapo kwenye nyaraka za jimbo, na kama babu yako alichimba huku anza nayo, mi nilifanya kinyume. Mwaka 1911, mstari mmoja: jina, miaka 39, kazi mchimbaji, taifa "Slavonian" (neno walilowarushia wote wa kule bila kuchagua), ameoa, watoto 5, kaangukiwa na mwamba wa dari. Hicho ndo kilikuwa kinawaua wengi zaidi, si ile milipuko inayoandikwa kwenye magazeti, ni jiwe la dari, mtu mmoja leo, wawili kesho, kifusi kinaondolewa na kazi inaendelea.

Hilo neno mchimbaji usilipite haraka. Mwaka 1900 alikuwa kibarua, yaani anapakia makaa aliyolipua mwenzake. Kwa sheria ya 1889, kwenye makaa magumu ukitaka kuitwa mchimbaji lazima uwe umefanya ukibarua miaka miwili na upate cheti kwa bodi ya watahini. Kwa hiyo kati ya 1900 na 1906 alikaa mbele ya bodi, kajibu, kapata. Hakuna aliyetusimulia hilo, limekaa tu kwenye tofauti ya neno moja.

Cheti cha kifo ni masikitiko. Jina la baba: haijulikani. La mama: haijulikani. Mtoa taarifa ni mzika maiti. Anna alikuwepo, nyumba chache kutoka hapo, hakuna aliyemuuliza, au kaulizwa kwa Kiingereza. Na fidia hakuna, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya Pennsylvania ilianza kufanya kazi 1 Januari 1916, miaka mitano imechelewa. Ndo maana Waslovakia walikuwa na vyama vyao vya kuzikana, unachanga kila mwezi, ukifa mjane anapata kitu. Kwa msomaji wa kwetu sina haja ya kueleza sana, ni kile chama cha kufa na kuzikana kabisa, tofauti wao walikiandikia katiba na bendera.

Nilidhani hapo nimemaliza. Kijiji kipo, kifo kipo, mama mkwe ameanza kuangalia bei za ndege. Lakini yule Mpangaji alikuwa bado ananiwasha, nikasema hebu nimfuate mpaka mwisho, ni heshima tu, kanisaidia. Septemba 12, 1918 Marekani iliandikisha jeshini wanaume wote wa miaka 18 hadi 45 waliokuwa hawajaandikishwa, raia na wasio raia, na kadi za siku ile haziulizi umezaliwa wapi, zinauliza ndugu wa karibu ni nani. Mpangaji, miaka 44, mgodini. Ndugu wa karibu: Anna, mke. Anuani ni ileile.

Nikafungua 1920. Mkuu wa nyumba Mpangaji, mke Anna, na watoto wa Kovach wanne chini yao, wameandikwa watoto wa mke, mmoja wao kijana wa miaka 13 ambae ndo baba yake mama mkwe. Wa tano alishaolewa.

Jumapili nikaenda ukweni na miwani ya kukuzia. Sikusema kitu, nikaomba niishushe ile picha. Pennsylvania wakati ule walikuwa wanatoa vibao vya namba vipya kila mwaka na mwaka wenyewe unaandikwa kwenye kibao. Nusu imefunikwa na nyasi, lakini ukiinamisha picha dirishani inasomeka, 1924. John Kovach ana miaka 13 kaburini.

Mama mkwe akaniuliza, kwa hiyo huyu niliekuwa namuombea kila mwaka ni nani? Nikamwambia ni yule aliyesimama shahidi harusini kwao, aliyemtumia mwenzake anuani ya Hazleton, aliyewalea watoto watano si wake. Akainyamazia muda mrefu. Akauliza ya John ipo? Nikamwambia mpaka sasa sijaiona hata moja. Akainuka akairudisha picha ukutani palepale, akainyoosha, halafu akasema na huyu nae kijiji chake ni kilekile si ndio, basi tutafute na namba ya nyumba yao, tukifika tupige hodi zote mbili.